Tiki Kwenye Kisanduku cha Mwaliko

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yamekupa nafuu? Sisi wazima. Mume wako, mjukuu wako huyu, ameng'oka meno ya mbele na bado anajiona bwana harusi.

Tovuti ya ukoo imekamilika. Nimegawa ruhusa kwa makundi. Wazee wanaandika, na wanaweza kualika mtu ajiunge nao. Watoto wanatazama picha tu. Marehemu Mama Mkubwa roho haikunipa kumfuta, nimemfungulia kundi lake, Waliotangulia. Nilinakili ruhusa za Wazee, kisha nikaziondoa. Wewe nimekunyima kufuta, maana nakujua, picha zako za ujana usingebakiza hata moja.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika kuliko mimi mwenyewe. Huko kunyimwa nimekusikia, ila kumbuka nani alimzaa mwenzake.

Jana Mjomba wako aliletewa ujumbe kwenye simu: "Dada anakualika kujiunga na Waliotangulia." Akacheka, akasema kumbe hata huko anakumbukwa, akabonyeza Kubali. Leo tumemkuta kitini, chai hajaigusa. Tunazika kesho. Hebu niambie, mama, hicho kitu chako kimekaaje?

Mama

10 Machi

Mama,

Pole sana. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Kosa ni langu. Kwenye kundi la Mama Mkubwa nilisahau kuondoa tiki kwenye kisanduku cha "Anaweza kualika." Nimeiondoa, imerudi. Nimefuta kundi zima, limerudi na Mjomba yumo. Kila nikijaribu naambiwa: "Ruhusa za kundi hili hubadilishwa na wanakundi wenyewe." Maneno hayo sikuyaandika mimi. Waambie wote wasibonyeze chochote.

Binti yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwaliko umemjia mwanangu. Nimemnyang'anya simu, ukatokea kwenye ya baba yake, kisha kwenye runinga. Anauliza kwa nini asiende, Babu yake, Mjomba, anamwita vizuri tu. Naogopa, Mama. Siwezi kumshika mikono maisha yake yote.

Binti yako

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na utulie.

Nimerudia barua yako mpaka nimeielewa. Wanaobadilisha ni wanakundi wenyewe, basi lazima mmoja wetu awe ndani. Nilimwandikia Dada kwenye ukurasa wake, nikamwomba mwaliko. Tangu utotoni hajawahi kuninyima kitu. Umeingia asubuhi hii.

Jiko nimezima, ufunguo uko kwa jirani. Tiki najua kuiondoa, wewe mwenyewe ulinifundisha: gusa kisanduku, kisha gusa Hifadhi. Naogopa kidogo, sikufichi. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ndiye mwana wangu. Mwambie mume wangu anitunzie jino.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tumekuzika karibu na Mjomba. Jino lipo kwenye kikombe chako.

Tiki imeondoka. Chini yake pameandikwa: "Imebadilishwa na Mama. Imehifadhiwa." Mwaliko wa mtoto umetoweka, na yeye ameacha kuuliza. Anakula, anapigana na viatu vyake, mzima kabisa. Ahsante, Mama. Sina neno jingine.

Kundi lenu limebaki na ruhusa moja, nayo sikuiweka mimi: "Wanaweza kusoma." Ndiyo maana nakuandikia hapa. Magoti je, yamekupa nafuu?

Sijaituma bado barua hii. Pembeni tayari pameandikwa: Imesomwa.

Binti yako