Ukurasa Nilioruka

Jumatano, baada ya alasiri. Joto la kaskazi. Hata pazia halitikisiki. Nimehamisha kiti changu mara tatu tangu adhuhuri: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Hakuna mahali panaponikubali.

Leo Makame alikuja kuniomba radhi.

Nilimfundisha umakanika kwenye chuo cha ufundi, enzi ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sasa ana gereji Mkokotoni, yeye na wanawe wawili. Mwezi uliopita aliambiwa hospitali kuwa ana saratani ya mapafu. Mimi nami moyo wangu umechoka, na daktari ameshanionya nisipange mambo ya mbali. Makame kayasikia hayo, akaona asichelewe.

Nakaa ghorofa ya nne, Michenzani. Nilimsikia tangu chini: anapanda, anapumzika, anakohoa, anapanda.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kashikilia mlango. "Lo! Mngenambia mnakaa mbinguni, ningengoja nife nije bila ya jasho."

"Marahaba, baba. Kaa, vuta pumzi kwanza."

"Hiyo pumzi ndiyo nnayoitafuta."

Alipotulia akasema alilojia. Chuoni nilikataza sigara. Yeye alivuta nyuma ya karakana, na hakuacha mpaka juzi. Mkewe na ndugu zake wote wanamwambia kajitakia mwenyewe. "Nilikuvunjieni amri, mwalimu. Niwieni radhi."

"Nshakusamehe," nikasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikamwita binti yangu alete chai.

Breki za magari ya zama zile zilitiwa asbesto, nyuzi za madini zisizoungua. Ukifungua dramu la gurudumu unakuta vumbi laini la kijivu, nami niliwafundisha vijana walipulize kwa upepo wa kompresa. Lilikuwa likijaa karakana nzima kama unga. Kisha siku moja, ndani ya sanduku la vipuri, tukaletewa kitabu cha Kiingereza cha ufundi wa breki. Niliwatafsiria vijana kitabu kizima isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulisema vumbi la breki lisipulizwe kabisa, lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, kwani likiingia mapafuni huweza kuleta saratani hata baada ya miaka mingi.

Maji tulikuwa nayo, na vitambaa vilikuwa tele. Nilichokosa ni ulimi wa kuwaambia vijana wale kwamba mwalimu wao, msomi wao, miaka yote hiyo amewafundisha kosa.

Tangu siku ile, walipopuliza, mimi nilisimama nje ya mlango.

Sigara siitetei. Lakini nimekuja kusoma baadaye kwamba vumbi lile na moshi wa sigara vikikutana katika pafu moja, hatari yake huwa kubwa kuliko ya kila kimoja kwa peke yake. Makame anabeba lawama yote, nami nimempa radhi kana kwamba niliyekosewa ni mimi.

Alipoinuka kuondoka nikamuuliza wanawe wanasafishaje madramu.

Akacheka kwa fahari. "Vile vile mlivyotufunza, mwalimu. Fuu! Halibaki hata punje."

Nikamsikia akishuka, kikohozi kikizidi kuwa mbali. Ningemwita angeitika naam, kama darasani.

Sikumwita.

Wauza vipuri wanasema breki za siku hizi hazina asbesto. Huenda. Lakini nani anajua za kila sanduku la dukani zimetoka wapi? Basi nawe unayesoma haya na kazi yako ni breki: usipulize. Lowesha kitambaa, upanguse. Ndio ukurasa wenyewe huo, umechelewa miaka mingi.

Nilimwandikia Makame ujumbe wa simu, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta. Yeye hakuniomba radhi kwa simu.

Mwanawe mkubwa husoma blogu hii. Nimeyaandika hapa makusudi, nijifungie njia ya kurudi nyuma. Sitaki baba yake ayasikie kwake kabla hajayasikia kwangu.

Binti yangu ameshakasirika. Anasema nikishuka ngazi hizi sitaweza kuzipanda tena. Labda kweli. Makame alizipanda na maradhi yake, kuomba msamaha niliopaswa kuuomba mimi.

Kesho asubuhi nashuka. Kupanda, tutaona.