Nani Alitangulia Kaltenegg

Kitendawili, Kassian. Ungeitikia "Tega" hata mdomo ukiwa umejaa mkate. Nimelala na mablanketi mawili, la juu zito, la chini teketeke, na mtu akinikanyaga tu yote mawili yanaondoka naye. Mgeni angesema ni kitanda. Wewe ungejibu kabla hatujamaliza: ni mlima baada ya dhoruba.

Mwaka umetimia tangu mlima huo ukuchukue, na kitanda chako bibi yako bado anakitandika.

Ulikuwa na huruma, ila ya kunung'unika. Uliondoa theluji kwenye paa la mjane Kreszenz kabla ya paa letu, kisha ukamlaumu kwamba kahawa yake ni maji ya kuoshea vyombo, ukaomba kikombe kingine.

Kazi yako ilikuwa kuipima theluji kwa niaba ya kijiji. Dhoruba ikikatika, jua likitoka, vijana wakikimbilia skii zao za kutelezea, wewe ulichukua koleo ukachimba shimo, ukapapasa tabaka moja moja kwa kidole kama bibi yako anavyopapasa unga uliokandwa. Uliwaambia wasubiri theluji ishikamane. Kwamba upepo umeirundika upande wa kivuli, na chini yake kuna punje kama sukari, zisizoshikamana. Kwamba wapite msituni, wakiachana, kila mtu na koleo mgongoni na kifaa chake cha mlio kifuani, cha kumtafutia akifukiwa. Walikuita Bibi Kizee. Ulicheka nao, na njia ukaifunga.

Ndiyo maana maneno ya kijiji yametuchoma. Hapa Hinterlahn anayeujua mteremko ndiye anayetangulia, mwenzake anasubiri mpaka afike salama kwenye mwamba. Kwenye mteremko wa Kaltenegg mlikwenda wawili, wewe na Gebhard, rafiki yako tangu shule. Basi watu wakajijibu wenyewe: ametangulia Kassian, yule yule aliyekuwa akiwakataza wengine. Waliyasema hayo kwenye mazishi yako, wakila chakula chetu. Baba yako aliacha kwenda kucheza karata, maana kila alipoketi mezani mazungumzo yalikatika. Maporomoko ya theluji yalifuta alama zote za skii, na Gebhard, ambaye yalimtupa pembeni akarudi kukufukua, alisema hakumbuki kitu. Mwaka mzima hakumbuki.

Wanaokubeba moyoni siku zote ni baba yako Alban, mama yako Rosina, dada yako Walburga, bibi yako Notburga, na Gebhard.

Jina hilo la mwisho bibi yako hakulitaka kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. Jumapili Gebhard alikuja mwenyewe kuomba liwemo. Alikaa kwenye benchi la kando ya jiko, kofia magotini. Mama yako akamwekea supu ya madonge ya mkate, hakuigusa. Bibi yako akamwambia nafasi kwenye karatasi ipo, ila anayetaka kuandikwa humu atajibu swali moja kwanza.

"Nani alitangulia, Gebhard?"

Akasema theluji ilikuwa nyingi, mambo yalikwenda haraka, kichwa chake tangu siku ile si kizima.

"Basi kunywa supu yako uende. Penye jina lako tutachora ua."

Hakuinywa. Alivaa kofia akaenda mlangoni. Baba yako, aliyekuwa amesimama pale, akajisogeza ampishe. Gebhard akashika kitasa, akabaki amekishika. Kisha akageuka.

"Mimi, Bibi. Kassian alichimba shimo lake, akasema turudi. Nikamcheka, nikamwambia hata bibi yako angepita hapa. Nikaingia. Yeye aliingia kunirudisha."