Kibuyu Juu ya Mimbari

Jumapili, Agosti 1969.

Mvua ya mawe imepiga majani chai tangu saa nane, na sasa ndio bati limenyamaza. Nina hasira, na sioni wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Wiki tatu nimekosa neno la kuhubiri. Nilifunga, nikasoma, nikaandika na kuchana. Wazee wa kanisa wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mwalimu wa kanisa Mkisii kama mimi, mgeni hapa Litein, huvumiliwa kwa muda tu.

Jumatano nikapita kwa Mama Tapsabei, mjane mwenye shamba dogo la chai upande wa Kapkatet. Alinimiminia mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kwa kibuyu alichokipamba kwa mikono yake. Shanga nyekundu, safu kwa safu, halafu katikati ghafla nyeupe mpaka mdomoni. Nikamwuliza kwa nini. Akasema nyekundu zilimwishia mwaka aliofiwa na mumewe, akaona asiiache kazi, akaendelea na alizokuwa nazo.

Nilikaribia kulia. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitafuta vitabuni. Nikamsihi aje na kibuyu kanisani. Alisita, akasema wazee hawatapenda. Nikamwambia wazee aniachie mimi.

Aniachie mimi!

Leo nimehubiri kama sijawahi kuhubiri. Nimekiweka kibuyu juu ya mimbari, nikasema Mungu haitupi kazi yake eti kwa sababu rangi imekwisha. Watu wamelia, na mimi nimelia nao.

Baada ya ibada wazee wametuita chumba cha nyuma, mimi na mama. Wamesema shanga za namna ile ni mambo ya tohara ya wasichana, waliyoyaacha walipobatizwa, na kwamba mgeni hawezi kuyajua. Walikuwa wananifungulia mlango wa kutokea, nami niliuona. Kisha mzee mkuu akauliza, "Mwalimu, hii kitu ililetwa na nani?"

"Ni huyu mama alileta."

Si uongo. Hata Adamu hakusema uongo.

Mama Tapsabei alinitazama kidogo tu. "Ndiyo, ni mimi nilileta," akasema, akakifunga kibuyu ndani ya leso yake.

Wamemtenga na Meza ya Bwana mpaka azikate shanga zote mbele yao. Mimi wamenipa mkono na kikombe cha chai. Wamenipa pia barua ya kumtenga, niisome Jumapili ijayo mbele ya watu wote, kwa sababu nina sauti nzuri.

Ilikuwa sentensi moja tu: ni mimi niliyemwomba. Kesho asubuhi mzee mkuu atakuwa kituo cha kupimia majani. Naweza kumfuata huko nikaisema. Je, nitakwenda?

Barua iko hapa mezani. Nimekwisha kuisoma mara mbili kwa sauti, nikitafuta mahali pa kupumua.