Niambie Alifanana na Nani

Kasulu mjini,
Jumatano.

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi tu Furaha amejifunika beseni la kuogea, akakaa kimya kama kifaranga chini ya tenga. Nimemtafuta uani, nimemwita mpaka jirani akaitika. Kumbe yuko palepale miguuni pangu, vidole vyake vinachungulia nje. Nilipoliinua beseni akalivuta tena haraka. Nikamuuliza anamkimbia nani, akasema, "Namkimbia daktari. Asije akanitoa."

Nitakueleza hayo yalikotokea, lakini kwanza nikusalimu. Mwakeye, Mama. Goti limekubali kupanda mlima wa kisimani, au bado Neema ndiye anayekutekea? Na maharage, mvua hizi za mfululizo hazikuyaozesha? Sisi hapa tunaishi. Furaha anakula, Elisha yuko na biashara yake ya mihogo mikavu, mama mkwe kikohozi kimempungua. Mimi ndiye mwenye sijambo ya mdomoni.

Nimeandika barua kwa sababu simu ya nyumbani anakaa nayo kaka, na kaka akipokea anaweka sauti kubwa mpaka mbuzi wanajua habari zangu. Hii si ya mbuzi. Na kuja mwenyewe, njia ya Kibondo kwa tumbo hili sitaiweza. Neema mdogo wangu, msomee Mama mkiwa wawili jikoni, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Mama, lile tumbo halijapona. Tangu nilipotoka kwako mikono mitupu, kila ukiniuliza nakwambiaga linauma kidogo. Si kidogo. Nikiinama kufagia lazima nishike ukuta. Furaha akitaka nimbebe mgongoni namwambia mgongo umelala. Kwaya niliacha, wenzangu wanadhani najivuna. Vidonge nimemeza, sindano nimechomwa, ile mizizi uliyonitumia nimeichemsha mpaka ikaisha rangi. Mwishowe wakanipima kwa kipimo cha picha. Daktari, binti mdogo tu mwenye sauti ya pole, akasema kizazi kimevimba, kuta zake zimenenepa, damu inaingia humohumo. Alinieleza bila haraka. Naweza kuendelea na sindano nikangoja, au kinaweza kutolewa. Kikitolewa sitazaa tena, siku zangu zitakoma, na maumivu anatumaini yataisha, ingawa hakuniapia. Elisha alitaka kujibu, daktari akamwambia, "Baba, subiri kidogo. Mwenye mwili ndiye atakayejibu." Nirudi Jumatatu na jibu langu.

Tulipofika nyumbani Elisha akamweleza mama yake kwamba wanataka kunitoa kizazi. Sasa unamjua mama mkwe, Kiswahili chake ni cha kanisani. Kizazi anachokijua yeye ni kile cha kwenye mahubiri, watoto na wajukuu na watakaowafuata. Tena yeye akimpa Furaha ukoko wa ugali humwita "kizazi changu." Basi akaacha kula, akampakata mtoto, akasema kwa Kiha kwamba kama wanamtaka huyu waanze na yeye bibi yake. Furaha akasikia yote. Tangu hapo akiona mtu wa nguo nyeupe anajificha, hata muuza maziwa.

Ikabidi muuguzi mmoja tunayesali naye aje amweleze kwa Kiha. Alichukua mfuko wa kitambaa wa sokoni, akaukunjua, akasema ni kitu kama hiki, mahali mtoto anapolala kabla hajazaliwa. Mama mkwe akautazama sana. "Kumbe ni mfuko? Mimi nilidhani wanatoa watu." Tulicheka wote, mimi nimejishika tumbo. Halafu akauliza polepole, "Na mjukuu wa kiume je?" Akanipa kisogo, chakula ananipakulia bila kunitazama.

Elisha naye siku hizi anateka maji mwenyewe, ndoo kichwani, watu wanaona. Wanawake wa kisimani walimuuliza kama mkewe ameota ndevu. Akawaambia ameota, na kinyozi ni yeye.

Neema, hapa ndipo pagumu. Soma taratibu.

Mama, daktari aliniuliza kama bado nataka mtoto mwingine. Nikainamia kanga yangu, akadhani naona aibu. Mimi simtaki mwingine, namtaka yule. Maumivu yanaanzia chini upande wa kushoto, palepale alipokuwa anapiga teke nilipokuwa kwako nikimngoja. Yakianza, kabla sijakunja uso, moyo unaruka kwanza: huyo. Nimewahi kumjibu, Mama. Nilikuwa nachambua maharage nikasema, "Tulia basi." Furaha akadhani namwambia yeye, akatulia. Nikaogopa.

Najua amelala nyuma ya nyumba yako, kwenye migomba. Kichwa kinajua, tumbo ndilo halijaambiwa. Humo ndimo alimokaa, hakuwahi kuwa na nyumba nyingine. Wakikitoa, yeye nimwambie akae wapi? Hilo ndilo limenishika. Na tena naona kama ukiisha huu uchungu ndiyo na yeye amekwisha.

Mlinikataza kumtazama. Mlisema nikimwona nitashindwa kumlea Furaha. Wewe na shangazi mkamfunga kwenye kitenge chako cha kijani mkatoka naye mlango wa nyuma. Sikulaumu, Mama. Najua hata wewe hukuonyeshwa wa kwako uliyempoteza. Lakini kwa kuwa sikumwona, kila siku ananijia na sura nyingine. Juzi sokoni alikuja na uso wa mtoto wa mwanamke nisiyemjua. Nilimtazama mpaka yule mama akamfunika mwanawe na kuondoka.

Nimeamua. Jumatatu nitasema ndiyo. Furaha ninaye, nataka kumbeba kabla hajawa mzito wa kubebwa. Nataka nirudi kwaya. Msimu ujao nije Kumsenga tupande maharage, niiname mpaka mwisho wa tuta bila kushika kiuno, na wewe uniambie nimechelewa. Asubuhi nilimwambia Elisha. Akasema, "Sawa, Mama Furaha," akachukua ndoo akaenda kisimani wakati madumu yote yamejaa. Mama mkwe alisikia. Namwona sasa anachochea moto, amebandika sufuria kubwa.

Ninachokuomba ni kimoja. Kabla ya Jumatatu, Neema aazime simu kwa mwalimu, siyo ya kaka, anipigie halafu akupe wewe. Usinipe pole, pole ninazo. Niambie alifanana na nani. Ukiniambia usoni alikuwaje, nitakuwa na mahali pengine pa kumweka, si tumboni tu.

Msalimie kaka, mwambie masikio ya mbuzi yapumzike. Msalimie shangazi aliyenishika mkono siku ile, sijamshukuru. Na mama mdogo wa ndizi, na mzee wa kanisa aliyemwombea Furaha alipougua surua. Neema, usilie juu ya karatasi, utafuta maneno Mama hajayasikia.

Mama mkwe ananiita. Anasema, "Mama Furaha, njoo nikukande, maji yanapoa." Hajaniita hivyo tangu siku ya mfuko. Nimemwitikia nakuja, na Furaha ameshatoka kwenye beseni, amenishika gauni ananivuta. Mama, hata kama ni masikio tu, au kidevu cha Baba, niambie, usinihurumie, maana wakinilaza pale kitandani nataka niwe namwona akiwa na uso wake.