Mbavu za Gédéon

Mama,

Nimeenda soko na muchele. Uji iko kwenye jiko. Dawa ya matone ya mutoto iko juu ya kabati, umupe vile muganga alituonyesha. Kisha umutoe inje, umulalishe kwenye mukeka bila shati, mbele jua haijakuwa kali. Yai ni ya Gédéon, si ya wageni wako!

Kile kitambaa ulimufunga kifuani nimekifungua. Mbavu hazinyooki kwa kufungwa, Mama. Muganga alisema mifupa yake ni laini kwa sababu hapati jua.

Asubuhi nilikupigia kelele. ~~Unisamehe.~~ Bado niko na kasirani. Pikipiki ililia tu barabarani, nikakukuta nyuma ya kitanda, madirisha yote imefungwa, mukono wako juu ya kinywa cha mutoto wangu. Vita iliisha zamani.

Nimepapasa vile vifundo kwenye mbavu zake, sawa shanga. Ni vile vile vilikuwa kwa mudogo yangu Onema, ule mwaka wa vita wewe ulitufungia ndani mupaka tukamuzika. Askari hawakumuona hata siku moja. Jua pia haikumuona.

Fungua mulango, Mama.

Binti yako,
Mama Gédéon