Raketi Nyepesi ya Mtani Wangu

Jumatatu, 15 Julai 2024

Mimi Pazi ndiye bingwa wa tenisi wa Bagamoyo nzima, Mbegani nayo ndani yake, na sijafungwa tangu kabla ya Ramadhani.

Haya, uongo. Sijafungwa kwa sababu sijacheza. Wachezaji wa ule uwanja wetu mbovu tuko wawili, na mwenzangu Abdullatif yuko ndani. Kiharusi kilimpiga mkono wa kulia siku chache kabla ya mwezi kuandama. Alipokuwa mzima alikuwa ananifunga, kisha ananisindikiza nyumbani akinisimulia nilivyofungwa.

Leo nimekwenda kumjulia hali. Mkewe, Bi Raya, kanivuta pembeni. Anasema shemeji, yule wa mazoezi wa hospitali kasema mkono usipofanyishwa kazi utasahau moja kwa moja. Na mwenyewe hataki. Kapewa mpira wa kuminya, kampa paka.

Nikaingia. Nikamwambia, Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka hapa pwani, wewe mpira wa kuminya umekushinda? Bi Raya akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Lakini mimi Mkwere, yeye Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za misafara. Kumtukana ni haki yangu.

Akanijibu, "Ahsante kwa kuja, Mzee Pazi."

Mzee Pazi! Mtu aliyekuwa akiniita Mkwere kichwa cha dafu mbele ya wakwe zangu. Mtani akianza kukuheshimu, ujue hali yake mbaya.

Alhamisi, 18 Julai

Nimewaza. Raketi yake ni ile ya mbao, nzito kama mchi. Hata mkono mzima unalalamika. Anataka nyepesi. Ila nikimpelekea zawadi hapokei — jirani alimletea bakuli la uji, bakuli likarudi limejaa mchele ili asionewe huruma.

Lakini cha mtani hakipewi wala hakiombwi. Kinachukuliwa! Mwaka juzi, msibani Chalinze, alininyang'anya kofia mpya kichwani mbele ya watu, na ada ni kwamba sikasiriki. Nilirudi kipara wazi, nikaikomboa kwa jogoo.

Basi. Nanunua raketi, nasema yangu, naringa nayo mpaka aipore. Na kupora ni lazima atumie mkono.

Nikaenda kwa Sada, anauza mitumba ya michezo sokoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nataka raketi."

"Ya mjukuu?"

"Ya bingwa."

Akanitazama magoti, akacheka. Nikazipima zote kwenye mizani ya muuza pweza wa jirani, zikarudi zina utelezi. Nyekundu nzuri, lakini kichwa kizito, inakuvuta kama mbuzi aliyeona majani. Sada anasema nyepesi hazipigi mbali, babu. Nikamwambia huyo bingwa hana haja ya mbali. Kanipa nyeusi na ya manjano nikajaribu kwanza. Nitakayoivunja ndiyo nimeinunua.

Ijumaa, 19 Julai

Taabu: mkono wangu ni mzima. Nitajuaje mkono mgonjwa unataka nini?

Baada ya swala nikaulalia. Nikaukandamiza chini ya ubavu mpaka ukafa ganzi kabisa, kama si wangu. Nikasimama na ile nyeusi. Ikaniangukia kidole cha mguu. Nyeusi basi.

Nikalala tena. Kibwana wa nyumba ya pili kapita mlangoni, anauliza mzee unaumwa? Nikamwambia naumwa kwa zamu.

Ya manjano ilikaa kidogo, kisha ikateleza. Mpini mwembamba. Nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia kama tunavyofanya kwenye mpini wa panga, ukanenepa, ukashika. Nikalala mara nyingine. Safari hii niliinua mpaka begani.

Halafu sindano zikaanza vidoleni, mkono ukaamka wenyewe. Nikakaa pale kitandani. Wake hauamki kwa kusubiri. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikaacha.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda na ya manjano. Nimeringa. Nimepiga hewa sebuleni, nusura nilipige kabati la vyombo, Bi Raya kasema shemeji nenda ukacheze na wendawazimu wenzio. Nikamwekea Abdullatif mapajani, nikasema naenda kutawadha.

Nimerudi, iko palepale.

"Nzuri," anasema. "Mungu akujaalie uicheze."

Adabu tena. Nimeibeba, nimerudi nayo.

Jumanne, 23 Julai

Nimeisahau kwake makusudi. Jioni imerudishwa, na sahani ya bokoboko juu. Bokoboko nimelila. Hasira haikushuka.

Ijumaa, 26 Julai

Ngoja niandike kabla sijaanza kutia chumvi.

Wavu wetu uwanjani ni jarife, wavu wa papa, matundu yake mapana. Mpira unapita katikati, na kila mtu anaapa umepita juu. Mchezo wetu wa mwisho uliishia hivyo. Alipiga, mpira ukapenya tunduni, akasema juu. Tukaachana tunagombana. Ugonjwa ukaingia, ugomvi ukabaki.

Leo sikumtukana. Nilikaa, nikajipepea na raketi, nikasema taratibu: kumbe ule mchezo wa mwisho nilikufunga mimi.

Jicho likageuka.

"Nani alimfunga nani?"

"Mpira ulipita tunduni, Mnyamwezi."

"Ulipita juu."

"Tunduni. Ulipishana na uduvi."

"Mwizi wewe! Lete hapa!" Akanipokonya. Wa kushoto ulitangulia, wa kulia ukafuata nyuma unatetemeka, vidole vikaukamata ule mpira wa baiskeli. Akainua kunionyesha alivyopiga. Ikaanguka. Bi Raya akataka kuiokota, nikamzuia kwa jicho. Akainama mwenyewe, muda mrefu, akaiokota kwa mkono ule ule.

"Ulipita hivi! Juu! Toka nyumbani kwangu, Mkwere kichwa cha dafu."

Nimetoka mbio, nisije nikaonekana uso. Raketi kabaki nayo.

Na haki ya Mungu, mpira ulipita tunduni. Mara moja katika maisha yangu nasema kweli, naitwa mwizi.

Jumamosi, 27 Julai

Niko uwanjani, naandikia gotini. Alasiri imeshaswaliwa. Majani ya tangu Ramadhani yamejaa, mijusi imehamia. Sikufagia, makusudi. Sheria yetu: aliyefungwa ndiye anayefagia uwanja kabla ya mchezo unaofuata.

Nimempigia simu Bi Raya. Ananong'ona. Anasema mumewe yuko barazani anafunga kamba za raba. Tangu adhuhuri. Kamtimua kila anayetaka kumsaidia, anatumia wa kulia, zikifunguka anaanza upya. Anasema haji kucheza, anakuja kunionyesha mpira ulipopita. Ananiuliza, shemeji, nimwambie nini?

Usiseme kitu, shemeji. Mpe tu simu umwekee sikioni.

Nasikia anahema.

Mtani, ufagio huu hapa, zamu yako. Unanidai ubishi, nakudai kufagia. Njoo unifagilie. Upande wako tu.