Kiti cha Kushoto

Jumapili, 4 Agosti 2024

Mvua asubuhi, kisha jua la kuchoma. Goti bado limevimba. Daktari wa mifupa — kijana, meno meupe mno — anasema hili goti jipya la kushoto limekaa vizuri sana, ila klachi nisiiguse hadi Oktoba. Oktoba! Nikamwuliza, kwani Woodward ni Oktoba? Akatabasamu tu. Hakujua nasema nini. Amezaliwa hapahapa Michigan, na Agosti kwake ni mwezi wa kwenda ziwani na mashua.

Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya msafara wa magari ya kale barabara ya Woodward, si mbali. GTO liko gereji, limefunikwa. Pontiac GTO la 1968, kijani, gia nne za mkono, klachi nzito kama kusukuma ukuta. Kila Agosti tangu watu waanze kukusanyika na magari yao limeshuka Woodward, mimi nimeshika usukani, mke wangu Irene kando yangu. Tangu Irene afariki, mimi na mkoba wake kitini. Halijakosa hata mara moja. Mwaka huu likikosa najua watakavyosema kwenye klabu yetu ya magari: Norb Dudek, kwisha habari yake. Wanaitamani nafasi yangu ya kuegesha, ya mstari wa mbele, kama fisi. Fisi wa visigino vibovu na shinikizo la damu.

Jumanne, 6 Agosti

Brenna kaja na supu ya kuku. Binti wa Carol wangu, mjukuu wangu wa pekee — miaka ishirini na tatu, pete puani, grisi kwenye kucha. Nilimsikia kabla hajakata kona. Ekzosi ile! Kama mtu anaburuta debe la misumari. Nissan Skyline. Wajapani walilitumia wakalichoka, wakalipakia melini, na mjukuu wangu akalilipia kwa furaha. Usukani uko kulia, kama gari la posta. Nilimwuliza kama ana barua zangu. Hakucheka.

Kaliegesha barabarani, mbele ya nyumba ya jirani, kama siku zote. Sheria anaijua. Kwenye njia yangu ya kuingilia gereji halijakanyaga tairi la gari la kigeni tangu nianze kazi kiwanda cha injini. Pale jengo la chama chetu cha wafanyakazi kibao kilisema wazi: gari la kigeni litavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Shemeji yangu alikuja mara moja na gari la kigeni la kukodi. Likavutwa, keki ya harusi ikiwa ndani! Tulicheza dansi bila keki na hakuna aliyemhurumia.

Brenna akaniambia — babu, niache niliendeshe mimi GTO, wewe ukae kando. Gia za mkono nimezoea. Nikamwambia za kwako ni za kuchezea, kama swichi ya taa. Akasema klachi ni klachi. Nikamwambia usukani ule hautashikwa na mtu anayepanda mkweche wa Kijapani, hata akiwa damu yangu.

Akaosha bakuli, akaenda. Supu ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Ijumaa, 9 Agosti

Verlin kaja na soseji. Verlin Stroud, mwenyekiti wa klabu — alijichagua mwenyewe wakati sisi wengine tunakula. Alitoka Kentucky kijana, akaja kufanya kazi viwandani, na hadi leo anaongea kama anaita mbuzi ng'ambo ya bonde. Camaro lake linang'aa kuliko meno ya daktari wangu. Ila ni otomatiki! Gia za mkono alizing'oa zamani, eti mgongo.

Nikamweleza habari ya goti. Akajipiga kifua.

— Norb, mzee mwenzangu, gia nne nimeendesha toka sijaota ndevu. Nipe mimi. Utakaa kando kama bwana harusi.

— Na mgongo?

— Mgongo kitu gani, siku moja tu! Au unataka yule mjukuu wako akuendeshee? Bado ana ile cherehani?

Nikasema bado anayo. Akacheka mpaka soseji ikampalia. Nami nikacheka. Basi, ni Verlin. Debe tupu, ndiyo, lakini debe la Kimarekani.

Jumapili, 11 Agosti

Kikao cha klabu baada ya misa, kwenye mkahawa wa chapati za maji. Tunapungua. Zamani tulijaza ukumbi wa nyuma, leo tumeenea kwenye meza ya dirishani na kiti kimebaki. Huyu kisukari, yule moyo, mwingine kahamia Florida kusubiri kifo kwenye joto.

Mwanachama mpya ni daktari mmoja wa meno. Kanunua Chevelle mnadani, hulileta juu ya trela, hulishusha karibu na kiti chake, kisha hulifuta siku nzima kama mtoto mwenye mafua. Gari la mbio lisilokimbia! Mtoto wa kiume wa mwenzetu Butch kamwambia baba yake waziwazi: ukifa nauza. Hawa ndio warithi wetu.

Butch — mpole, hajawahi kumpinga mtu — akasema kwa sauti ya chini, labda tuwaruhusu vijana wa magari ya Kijapani waegeshe nasi mwaka huu. Angalau wao wanashika spana. Verlin akasema nafasi wanayo tayari: nyuma, kwa mapipa ya taka. Vicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Vijana wenyewe siwasifu. Wanasimama kwenye maegesho wanapuliza moshi wa sigara za umeme wenye ladha ya embe, simu juu, wanapiga picha rimu. Hakuna anayemsalimia mtu. Brenna husalimia, lakini huyo kalelewa na Irene.

Jumanne, 13 Agosti

Sitaki kuandika. GTO limerudi juu ya gari la kuvuta magari. Harufu bado iko kwenye shati langu.

Jumatano, 14 Agosti

Haya. Niandike nilitoe kifuani.

Jana saa nne asubuhi Verlin kaja kujaribu gari. Kavaa glavu za ngozi! Brenna naye alikuwepo, kaegesha barabarani kama kawaida, kakaa juu ya boneti lake na kahawa. Nikampa Verlin ufunguo mbele yake. Niliona alivyoutazama ule ufunguo ukipita. Nilijifanya sikuona.

Kutoka gereji tu gari likazimika. Akasema breki ya mkono. Likazimika tena. Akasema petroli. Mara ya tatu likaruka kama sungura, tukaenda. Kwenye mwinuko wa reli foleni ikatushika, na hapo bwana mwenyekiti akaonyesha ufundi wake wote. Hakushika breki. Akalishikilia gari pale mlimani kwa klachi, nusu mguu, huku anapiga resi, na huku ananihadithia alivyowashinda watu wote wa wilaya yake mwaka sijui gani. Nikamwambia, Verlin, toa mguu. Akasema tulia. Nikamwambia, Verlin, unaiunguza! Akasema nimeendesha hizi toka sijaota ndevu.

Moshi ukatoka chini. Harufu ile ya klachi, kila fundi anaijua. Honi nyuma yetu. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu. Brenna alikuwa anatufuata. Aliruka kutoka garini mwake akaja mbio, akaweka jiwe nyuma ya tairi.

Na Verlin? Alishuka, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akasema — klachi yako ilikuwa imeshachoka, Norb. Ungeniambia. Kisha akampigia mke wake simu aje kumchukua. Klachi niliyoifunga mwenyewe, ambayo nimeitunza kuliko goti langu! Ningekuwa na mguu mzima ningempiga teke pale pale relini.

Lakini ufunguo nilimpa mimi. Hilo halifutiki.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeamka nasikia vyuma vinagonga gereji. Brenna. Kachukua ruhusa kazini, yuko chini ya GTO na taa kichwani, giaboksi keshaishusha. Hakuomba. Nikaketi kwenye ndoo nikamtazama. Anashika spana kama Irene alivyokuwa anashika kisu cha jikoni, hapotezi mwendo hata mmoja.

Kapiga simu kila duka la vipuri hadi Ohio. Klachi pleti inayofaa itafika Jumatatu. Jumatatu! Woodward ni kesho kutwa.

Kisha akasema kutoka huko chini, miguu tu ndiyo ninaiona:

— Babu, ulijua hajui kuendesha.

— Nilidhani anajua.

— Ulijua. Ulimpa kwa sababu ya beji ya Kimarekani iliyo kwenye gari lake. Mimi ningeliendesha gari lako polepole, nikuulize kila gia. Nimelitaka gari hili toka nina miaka saba. Si kulirithi. Kuliendesha na wewe uko ndani.

Nikamwambia apanguse ile boliti kabla hajaiweka sakafuni. Akasema keshaipangusa.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu mwenyewe akiwa ndiye kiziwi? Guu ni lake vilevile.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Aibu, tena ya mzee wa miaka sabini na nne mbele ya mtoto.

Ijumaa, 16 Agosti

Verlin kapiga simu. Pole nyingi, sauti ya asali. Kisha likatoka alilopigia: kwa kuwa GTO haliji, nafasi yangu ya mbele apewe daktari wa meno? Ni kwa mwaka huu tu. Nikamwambia nitakuja. Akauliza na nini? Nikakata.

Woodward imeshaanza kunguruma, nasikia toka kibarazani. Carol anasema nikae nyumbani niangalie kwenye televisheni. Televisheni! Kama mechi ya gofu.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika garini. Herufi zinaruka, si uzee, ni hizi springi za kigeni, ngumu kama benchi la kanisa. Kidaftari nimekiweka juu ya mkoba wa Irene.

Asubuhi Brenna alipiga honi kule barabarani, kwa jirani. Nikatoka na fimbo yangu. Nikasimama pale kibarazani nikaitazama ile njia ya gereji. Nikamwita.

— Lilete hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa mlangoni. Goti linauma.

Goti halikuwa linauma sana. Alinitazama kidogo, kisha akarudi nyuma taratibu mpaka tairi zikapanda sementi yangu. Hakuna radi iliyopiga. Nikazunguka nifungue mlango wa kulia — usukani! Brenna akacheka hadi akaulalia usukani. Kiti cha abiria kiko kushoto, pale ambapo nimekaa kama dereva miaka hamsini. Mguu wangu mbovu ukaanza wenyewe kutafuta klachi. Hakuna kitu, zulia tu.

Tumeingia Woodward. Haiendi, inatambaa. Anabadilisha gia na mimi sisikii mruko wowote, kama siagi. Injini ndogo hii, inapiga kelele isiyo na adabu, lakini haidanganyi. Nimesema hivyo kwa sauti? Nadhani nimesema, maana anatabasamu.

Watu wanatupungia, tena wananipungia mimi. Wanaona mzee upande wa kushoto wanadhani ndiye anayeendesha! Kijana mmoja mwenye moshi wa embe kainua dole gumba, kanisalimia: Shikamoo mzee, gari kali! Mtu wa kwanza kunisalimia barabara hii mwaka huu. Nikaitikia marahaba bila kumweleza kitu.

Sasa tuko kwenye taa za barabara ya Maili Kumi na Mbili. Mbele kushoto kwetu kituo cha mafuta, kulia ni uwanja wa duka la mazulia lililofungwa, pale klabu inapoegesha kila mwaka. Naviona viti vyao vya kukunja. Naiona nafasi yangu, mstari wa mbele, bado wazi. Trela la daktari wa meno limesimama ubavuni mwake linasubiri.

Brenna naye ameona. Ananiambia — babu, ukitaka inama, jifanye unafunga kamba ya kiatu. Tutapita, hawatakuona.

Goti halikunjiki. Na hata lingekunjika, nisingeinama.

Verlin kasimama. Kaweka kiganja juu ya macho. Anamgusa Butch bega, anatunyooshea kidole. Wote wanageuka sasa, wanatazama kiti cha kushoto. Mdomo wa Verlin uko wazi na kwa mara ya kwanza hautoi neno.

Brenna anauliza: tupite, au tukaegeshe nyuma, kwa mapipa ya taka?

Taa imekuwa kijani. Nimemwambia apige resi kwanza.